Kimya Kilichofika Kamituga

Siku hizi naalikwa kwenye semina. Vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi wanakaa mezani, wanafungua kompyuta zao, na kabla ya chakula cha mchana lazima mmoja ataliuliza lile swali: nchi zinazoficha habari na kusoma barua za watu, kwa nini dunia isizikatie intaneti mpaka watawala wake washike adabu? Mimi huinuka kwenda kutafuta chai. Wananidhani sina maoni. Ninayo, tena niliyatoa kwa maandishi nikiwa na miaka ishirini na sita, na yalikubaliwa.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Kongo. Bukavu ilikuwa mikononi mwa watu ambao hatukuwachagua, na mimi, mwenye diploma yangu na ulimi wangu mkali, nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo kwenye mteremko wa Ibanda. Chumba kimoja: kompyuta, redio ya masafa marefu, betri za gari sakafuni, na juu ya mabati sahani ya setilaiti iliyotazama mawingu. Vyote vilitolewa na chama cha marafiki wa Ulaya, watu wema ambao hawakuwahi kutuuliza tumekula nini lakini kila mwezi waliuliza kama tuko huru.

Simu za mji zilikuwa zimekufa. Phonie, zile redio za sauti ambazo wafanyabiashara na mapadre walitumia kuongea na watu wa mbali, zilikamatwa zote vita vilipoanza. Sisi tuliachiwa yetu kwa sharti moja, mikrofoni iondoke. Askari alikuja akakata waya kwa kisu cha mkate tulichomwazima wenyewe. Walisema sauti inapita na kupotea, lakini barua inabaki, na kinachobaki kinaweza kusomwa.

Basi tukawa posta. Mtu alileta barua yake kwenye karatasi, mimi nikaipiga, kompyuta ikaituma. Kamituga, Idjwi na Minova kulikuwa na vituo vyenye redio kama yetu, na redio zile zilituita zenyewe mara kadhaa kwa siku, zikilia kama kuku aliyebanwa na mlango, kuuliza kama zina barua. Cha ajabu ni kwamba barua zote zilipangwa na mashine kubwa iliyokuwa Ulaya. Barua ya kutoka Bukavu kwenda Kamituga, njia ambayo lori, wakati wa amani, lilimaliza kwa siku moja au mbili, ilipanda kwanza angani, ikashuka Ulaya, ikarudi kwetu, ndipo redio yetu ikaipeleka. Tulijivunia safari ile. Hatukujiuliza nani ameshika swichi.

Jumatano na Jumamosi asubuhi alikuja afisa wa usalama kusoma. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotutia baridi. Alikuja na mto wake wa kukalia, yai la kuchemsha ndani ya mfuko wa plastiki, na kalamu nyekundu. Alikataza barua za lugha zetu, Mashi na Kilega, akabakiza Kifaransa na Kiswahili. Alifuta bei ya unga wa muhogo. Alifuta mvua, kwa kuwa mvua inaonyesha hali ya barabara. Siku moja alifuta harusi nzima, bwana na bibi, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Batu mingi kukutana fasi moja, haiko muzuri."

Barua aliyoifuta haikumdhuru mtu. Ya kuogopwa ni ile ambayo hakuifuta. Aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, kisha akaendelea na inayofuata bila kubadilisha uso. Aliyeiandika alitembelewa.

Watu wana akili. Baada ya miezi michache barua zote zikawa moja. Niko muzima, ninyi je? Tuko bazima, Mungu asifiwe. Hata zangu. Wazazi wangu walikuwa Kamituga, ambako baba alifundisha watoto wa wachimbaji mpaka miguu ilipovimba na kumkatalia kazi. Kwenda parokia kwenye kituo ilikuwa kazi ya mama. Mama hakujua kusoma. Katekista alimsomea, naye akatoa jibu lake hapo hapo, akisimama wima kama yuko mbele ya hakimu. Jumatano na Jumamosi, miaka miwili, hakukosa hata mara moja. Nami nilizidharau barua zile, sifichi. Niliona aibu kuzipiga. Nilisoma chuo kikuu ili niandike mara mbili kwa wiki kwamba sijafa?

Halafu akaja yule muuguzi. Alikuwa kijana wa kituo cha afya cha bondeni, mwembamba, koti jeupe limekunjwa kwapani. Barua yake ilikuwa ya kaka yake wa Minova, na ndani yake alisema ni watu gani waliofika kituoni na majeraha, wametoka kijiji gani, na walisema nani aliwajeruhi. Aliniuliza, "Dada, itapita hii?" Ningeweza kumwambia abadilishe. Nilijua kubadilisha; nilikuwa nawabadilishia akina mama kila wiki. Lakini siku hiyo niliona kwa mara ya kwanza barua iliyokuwa barua, nikamwambia, "Uandike tu. Kweli haifungwake." Nikaipiga yote.

Jumamosi afisa aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne.

Wiki iliyofuata mke wa muuguzi alikuja mlangoni na mtoto mgongoni akauliza kama tumemuona mumewe. Nilisema hapana. Ilikuwa kweli, na mpaka leo naichukia kweli ile.

Ndipo likaja swali la Ulaya. Halikuja kwa kompyuta. Lilivushwa kwa mkono, mpakani Ruzizi, ndani ya kitabu cha nyimbo. Marafiki wetu walikuwa wamesikia kwamba njia yao inasomwa. Waliuliza: tuendelee kutoa huduma hii, tuwe washirika wa wanaowakandamiza, au tuikate mpaka watawala waache kusoma? Walitaka jibu la wafanyakazi wenyewe. Wafanyakazi wa kuandika tulikuwa wawili, mimi na mkuu wa ofisi, mzee wa kanisa ambaye alipima maneno kama mtu anayepima dawa.

"Binti yangu," aliniambia, "hawa banauliza kama tufunge mulango juu ya mwizi anapitakamo. Sisi tutapita wapi?"

"Papa, ile haiko mulango tena. Iko mutego. Sisi njo tunaita batu, banaandika, yeye anabakamata."

"Na zile barua zingine? Za niko muzima?"

"Zile haziko barua, papa. Ni kuchokesha batri."

Mzee alikuwa amemjua yule muuguzi tangu ubatizo. Niliandika jibu usiku uleule, kurasa mbili za Kifaransa safi. Niliandika kwamba ukimya wa heshima ni bora kuliko maneno ya utumwa. Nilikuwa na hasira, na hasira ikikutana na Kifaransa kizuri inajiona imekuwa hekima. Mzee alitia sahihi chini ya yangu.

Walikata Jumatatu: mashine ya Ulaya ikawa inapokea barua bila kuzituma. Walituomba tusimwambie mtu kabla, vyombo visije vikanyang'anywa, nami niliona ni busara. Jumamosi ile ya mwisho niliwaandikia wazazi kama kawaida. Nilijiambia kwamba wakubwa watalegea ndani ya siku kumi.

Jumatano afisa alikuja na mto wake. Mzee akampa barua ya chama, yenye madai na mihuri. Alisoma polepole, akacheka kidogo puani.

"Kumbe mumejifunga benyewe?" alisema. "Munajua wakubwa wangu banatafuta tangu lini hii sahani ishuke? Balikuwa banaogopa kelele ya bazungu. Sasa ni bazungu bameifunga. Mubashukuru sana."

Akamenya yai lake. Aliendelea kuja kila Jumatano na Jumamosi, akakaa mbele ya meza tupu mpaka saa sita, kwa sababu kuja ndiko kulikuwa kazi yake.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo marafiki wa Ulaya hawakuweza kulijua, na ambalo mimi sikuwa na haki ya kulisahau. Kwetu mtu haambiwi kifo akiwa mbali na peke yake. Nani atamshika akianguka? Enzi za phonie watu walipanga siku na saa, na mtu akifa, ndugu zake hawakwenda hewani kulitaja jina lake mbele ya kila mwenye redio. Walinyamaza tu. Saa ya miadi ilipita bila sauti. Miadi ya pili ikapita. Yule wa upande wa pili akaelewa, akafunga mzigo, akashika njia kwenda kuzika. Nilikuwa na miaka tisa nilipomuona baba anarudi kutoka kwenye phonie mara ya pili, akaketi, akaanza kusafisha viatu vyake. Shangazi alikuwa amekufa. Hakuna aliyemwambia.

Na redio yetu haikuwa imeharibika. Hilo ndilo lililotumaliza. Kama ingekufa, Kamituga wangesema mashine mbovu, tungoje fundi. Lakini betri zilikuwa zimejaa na kompyuta ilikuwa nzima. Kituo kilipoita, mashine yetu iliitika yenyewe kwa adabu kama siku zote: Bukavu ipo, inasikia, barua yako hakuna. Katekista alimwambia kila mmoja aliyefika kile alichokiona kwenye kioo. Yako hakuna. Na wewe, yako hakuna.

Niliona vituo vikiita. Vilijiandika kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Jumatano ya kwanza Kamituga iliita mara tano. Jumamosi iliita tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, hata nikaacha kuhesabu. Nilikaa pale, mikono mapajani, nasikiliza kuku yule analia mlangoni, na palipokuwa na mikrofoni pametoka waya mbili zilizokatwa. Nilihisi ubaya fulani lakini sikuutafutia jina. Nilidhani ni huruma tu.

Jumanne iliyofuata, mlinzi wetu alikuwa anafagia uani. Kwao ni Idjwi, kisiwa cha ziwani. Tukasikia kilio kinapanda kutoka upande wa ziwa, kilio cha wanawake wengi, na ndani ya kilio jina la mlinzi. Akasimama na ufagio wake. Mama yake akaingia getini, kichwa wazi, kitenge kimefungwa kiunoni, nyuma yake dada zake wanne, na mmoja amebeba jogoo wa matanga. Mama alimuona mtoto wake amesimama. Alimkazia macho kwa muda mrefu, kisha akampiga kofi lililosikika barabarani.

"Juu ya nini umeninyamazia? Mara mbili!"

Tulicheka. Mlinzi mwenyewe alicheka akishika shavu, mama akacheka na kulia, jogoo akaponyoka. Nami nilikuwa nacheka bado nilipoanza kuhesabu: Jumatano, Jumamosi. Idjwi ni mwendo wa asubuhi moja kwa mtumbwi wenye injini. Kamituga ni milima, msitu, na watu wenye bunduki ambao hakuna aliyejua wako upande gani. Mama yangu alikuwa amenyamaziwa mara mbili.

Siku ileile nilivuka Ruzizi kwa miguu nikatafuta simu. Yule aliyepokea kule Ulaya alinijua kwa jina, akafurahi. Nilimweleza haraka, nikarudia, nikaona kwamba maneno yanafika lakini hayashiki.

"Lakini kimya ni kimya," alisema. "Watu wataelewa ni mgomo."

"Hawajui mgomo. Wanajua msiba. Fungueni leo."

"Tukifungua leo, wale watawala watajua tunatishika. Kamati inakaa wiki ijayo. Vumilia kidogo. Tena barua yako ndiyo iliyotushawishi, unajua? Niliisoma kwa sauti mbele ya wote. Wengine walilia."

Niliweka simu chini. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia aliyekuwa karibu, kwa hiyo nikatembea mpaka nyumbani nikiongea peke yangu, na watu wakanipisha njia.

Tangu siku hiyo, kila kazi ilipokwisha, nilishuka Essence, mahali ambapo waliotembea kutoka upande wa Mwenga, kwenye njia ya Kamituga, walikuwa wanaingilia mjini. Nilisimama karibu na wauza mkaa. Wasafiri walifika wakiwa na miguu myeupe kwa vumbi, nami nikamwuliza kila mmoja: umeona maman mmoja, mfupi, ana kitenge cha buluu, anatembea na wanaume wa parokia? Wengi hawakujibu. Wengine walisema njia ilijaa watu mwezi ule, hawajawahi kuona matanga mengi hivyo, wote wanakuja kuzika Bukavu. Mzee mmoja aliniuliza, "Mulifanya nini huku? Mulikufa bote?"

Siku ya sita mwanamke mwenye kikapu cha chikichi kilichotoboka alifikiri kwanza, kisha akasema ndiyo, alimuona, pamoja na wanaume wawili, mmoja amebeba mkeka uliokunjwa. Walipumzika naye kabla ya daraja. Hata walimpa kipande cha muhogo.

"Na nyuma ya daraja?"

"Kwa daraja kulikuwa batu," alisema. "Mi nilipita mu maji chini. Sikuangalia nyuma."

Nilimshika mkono nikaomba aseme ni batu gani. Aliutoa mkono wake taratibu, akanyanyua kikapu, akaondoka. Niliendelea kusimama Essence siku nyingine zote, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya na miguu yangu.

Vijana wa semina wangenijibu hivi: basi njia ile iachwe wazi, afisa aendelee kukunja karatasi? Sijui. Muuguzi hakurudi, na mimi ndiye niliyempigia barua yake. Kama njia ile ingekatwa kabla hajaileta, angekuwa baba wa watoto watano leo. Ninachojua ni kwamba tuliokata tulikuwa na hakika, na hakika yetu haikutembea kilomita hata moja. Walitembea wengine. Na yule tuliyetaka kumwadhibu alikuwa anakula yai.

Walifungua wiki ya tatu. Watawala hawakukubali hata dai moja. Kamati ilichoka tu, au iliona aibu, na barua yao ilitumia neno 'kibinadamu' mara nne. Ilikuwa Jumamosi. Redio ikalia, Kamituga ikaita, na safari hii barua zikaanza kuteremka, zilizokuwa zimekwama huko Ulaya siku zote zile. Kawaida yetu ilikuwa kuzichapa kwanza na kumpa afisa. Mashine ya kuchapa ilitoa karatasi moja moja, naye akasoma, akaweka upande. Alipofika kwenye moja alisimama. Aliisoma mara mbili. Hakuikunja. Alinitazama, kwa mara ya kwanza nadhani, kisha akaisukuma juu ya meza mpaka mbele yangu, bila alama ya kalamu.

Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mkuu wa ofisi, na aliyeandika ni baba, kwa ule mwandiko wake wa shule ambao hata kompyuta haikuweza kuuficha, kila nukta mahali pake.

"Kwa Papa Mukubwa wa Biro. Tunakusalimia kwa jina la Bwana. Tuliona kimya cha kwanza na kimya cha pili, tukaelewa. Mama yake alitoka hapa Jumapili baada ya misa pamoja na ndugu wawili wa parokia, kuja kumzika mtoto. Mimi miguu ilinikatalia. Tunakushukuru kwa vile ulivyomtunza binti yetu katika kazi. Tunaomba utujulishe kama mama amefika salama, na kama alimkuta bado hajafukiwa. Tena utuambie kaburi liko wapi, na kama lina msalaba, ili siku moja nikipata nguvu nije nimuone."

Mkuu wa ofisi alisoma juu ya bega langu. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ataijibu yeye. Nikakataa. Niliketi mbele ya kompyuta na kupiga: Papa, ni mimi mwenyewe, binti yako. Mimi sikukufa.

Sentensi iliyofuata ilikawia mpaka afisa akauliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia mashine ni nzima. Halafu nikapiga: Maman hajafika.